Jiko na Zizi Wakati wa Kipupwe

Somo la Sayansi, Kilimo na Maarifa ya Nyumbani

Gazeti letu la muhula huu lahusu miezi ya kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti. Huko pwani neno hilo ni tamu masikioni, maana joto hupungua na watu hulala vizuri. Lakini kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini, toka Mufindi na Njombe hata Makete, kipupwe ni baridi kweli kweli. Kuna asubuhi ambapo nyasi za mabondeni huwa nyeupe kwa sakitu, majani ya viazi huonekana kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na mkamuaji wa ng'ombe hana budi kupasha vidole vyake kwanza kabla ya kushika chuchu.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanafunzi, lakini wazazi nao wataona kuwa lawahusu, kwa sababu linaingia jikoni mwao na zizini mwao. Shabaha yake ni kuonyesha joto la nyumba hutoka wapi, hupotea kwa njia gani, na jinsi ya kulitunza pasipo kuhatarisha maisha ya mtu wala ya mnyama.

1. KWA NINI BARIDI HUJA MWEZI WA JUNI?

Wengi hudhani kwamba baridi huja kwa sababu dunia iko mbali na jua. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali na jua kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Lakini hiyo siyo sababu, kwani siku hizo hizo watu wa Ulaya wamo katika majira yao ya joto. Sababu ni kuinama kwa dunia. Mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na karibu na tarehe 21 Juni jua la adhuhuri huwa utosini mwa watu wanaokaa kwenye Tropiki ya Kansa, kaskazini ya mbali. Mji wa Njombe uko kusini ya ikweta kwa nyuzi 9 na kidogo. Ukijumlisha nyuzi hizo utaona kwamba siku hiyo jua letu la adhuhuri liko nyuzi kama 33 kutoka utosini. Miale yake huja kwa mshazari, hutapakaa juu ya eneo kubwa zaidi la ardhi, na nguvu yake hupungua.

Sababu ya pili ni mwinuko. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 na nusu za Sentigredi kwa kila meta 1,000 tunazopanda. Mji wa Njombe uko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo, ambao sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, uko kwenye meta 2,600 hivi. Basi si ajabu mtu anayetoka Dar es Salaam kwa basi akashuka Makambako anatetemeka.

Sababu ya tatu ni uwazi wa anga. Katika miezi hii mvua ni chache na usiku mwingi hauna mawingu. Mawingu ni kama blanketi juu ya nchi. Yasipokuwapo, joto ambalo ardhi imelipata mchana hupanda na kupotea angani, na kabla ya mapambazuko baridi huwa imefikia ukali wake. Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana sakitu huanza bondeni, na mwenye busara hajengi banda la ndama mahali hapo.

2. MOTO WA TUMBONI NA MOTO WA MAFIGANI

Kila kiumbe chenye damu ya joto ni kama nyumba yenye moto ndani yake. Joto la mwili wa mtu ni nyuzi 37, la ng'ombe ni nyuzi 38 na nusu hivi, la mbuzi na kondoo ni kama nyuzi 39, na la kuku hufika nyuzi 41 au zaidi. Kuni za moto huo ni chakula. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zamani. Ng'ombe mkubwa wa maziwa, aliyeshiba, hutoa kiasi cha wati 1,000 au zaidi.

Wazee wa nchi nyingi walilijua jambo hili bila ya kutumia neno wati. Katika milima ya Alps huko Ulaya kuna nyumba za kale ambamo zizi lilijengwa chini na vyumba vya watu juu yake, ili joto la wanyama lipande. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyumba ya kale ya Wachaga iliwaweka watu na ng'ombe chini ya paa moja la majani. Ng'ombe walileta joto na mbolea ya mgomba, nao walikuwa salama na chui. Siku hizi twajua kwamba kulala pamoja na mifugo huleta pia viroboto, kifua kikuu cha ng'ombe na maradhi mengine, kwa hiyo tumewatenga. Lakini tulipowatenga tuliwanyima sehemu ya joto letu, nasi tukajinyima joto lao. Yatupasa tujue namna ya kuziba pengo hilo kwa pande zote mbili.

Joto hupotea kwa njia nne. Ya kwanza ni kugusana na kitu cha baridi, kama sakafu ya saruji. Ya pili ni upepo unaochukua hewa yenye joto iliyo karibu na ngozi. Ya tatu ni miale, yaani joto kutoka kwenye mwili na kuelekea kwenye ukuta au anga baridi. Ya nne ni kukauka kwa maji juu ya ngozi. Hii ya nne husahauliwa mara nyingi, nayo huua ndama na vifaranga wengi. Mnyama mkavu huweza kuvumilia baridi ambayo mnyama aliyelowa haiwezi.

3. ZIZINI

Ng'ombe mkubwa. Huyu hasumbuliwi sana na baridi yetu maadamu ameshiba, ni mkavu, na hapigwi na upepo. Ndani ya tumbo lake kubwa la kwanza mna vijidudu visivyohesabika vinavyochachusha majani, na uchachukaji huo hutoa joto. Majani makavu yenye nyuzinyuzi hutoa joto zaidi katika kuchachuka kuliko pumba peke yake. Tena joto hilo halitoki mara moja, bali huongezeka saa kadhaa baada ya kula. Basi katika kipupwe yafaa sehemu kubwa ya majani iwekwe horini jioni, ili ng'ombe acheue usiku na joto limjie wakati anapolihitaji.

Lakini majani yenyewe yatoke wapi? Hapa ndipo kipupwe chetu kinapofanana na majira ya baridi ya nchi za mbali. Huko Ulaya theluji hufunika malisho. Kwetu ukame na sakitu huyakausha. Dawa ni moja kote, yaani kukata mapema na kuweka akiba. Majani hukatwa yanapoanza kutoa maua, huanikwa siku mbili tatu huku yakigeuzwa, kisha hufungwa na kuwekwa mahali pakavu. Hiyo ndiyo hei. Mkulima asiye na mashine atengeneze sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Apitishe kamba mbili ndani yake, ajaze majani, akanyage mpaka yashindiliwe vizuri, kisha afunge. Robota moja huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo robota moja yamtosha karibu siku mbili ikiwa hana kingine. Fanyeni hesabu ya siku 90 mtaona ni marobota mangapi, nanyi mtajua kwa nini kazi hii haiwezi kuanzwa mwezi wa Julai. Akiba haiozi.

Ndama. Huyu ndiye mwenye hatari kubwa. Huzaliwa amelowa, tumbo lake bado halichachushi majani, na mafuta ya mwili wake ni machache. Ndama mchanga huanza kuhisi baridi hewa ikiwa chini ya nyuzi 15 au hata kabla ya hapo, na usiku wa Njombe mwezi wa Julai mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10. Basi yafanyike mambo matatu.

Kwanza, akaushwe mara anapozaliwa. Mama yake atamlamba, lakini msaidieni kwa gunia safi au nyasi kavu, mkimsugua kwa nguvu ubavuni.

Pili, apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ndani ya saa mbili, wala zisipite saa sita. Kinga ya mama dhidi ya maradhi haipiti katika damu kwenda kwa ndama angali tumboni. Huipata katika dang'a tu, na utumbo wake hufunga mlango wa kinga hiyo kabla ya saa 24 kwisha. Dang'a ina mafuta mengi pia, kwa hiyo ni kinga na ni kuni kwa wakati mmoja. Wako watu wanaoimwaga dang'a au kumcheleweshea ndama. Ndama huyo akifa kwa kuhara au kichomi wiki ya tatu, watu husema ni baridi, kumbe ni ile siku ya kwanza.

Tatu, alale juu ya nyasi kavu nyingi. Kipimo ni hiki: ndama akilala, miguu yake iwe imezama katika nyasi hata isionekane vizuri. Kama hamna hakika juu ya ukavu wake, pigeni magoti juu ya malalo yake kwa nusu dakika. Suruali ikilowa, ndama naye analala majini.

Kuku. Vifaranga wa wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Kisha joto hilo hupunguzwa kwa nyuzi kama 3 kila wiki hata manyoya yaote. Asiye na kipimajoto atazame vifaranga wenyewe. Wakijirundika pamoja na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni huku midomo i wazi, wanaona joto. Wakitawanyika sawasawa wakila na kulala, mambo ni mazuri. Kuku wakubwa wana blanketi lao la manyoya, lakini malalo ya maranda yaliyolowa hutoa harufu kali ya mkojo inayochoma macho na mapafu. Kwa hiyo msizibe banda lote kwa hofu ya baridi. Zibeni upande wa chini unaopuliza kuku waliolala, mkaache nafasi juu ili hewa mbaya itoke. Tena, msisahau chanjo ya mdondo. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

4. JIKONI

Mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka Tanga huenda akashangaa kwamba maharage yaleyale, kuni zilezile na sufuria ileile huchukua muda mrefu zaidi huku. Hakulogwa. Maji huchemka mvuke wake unapoweza kuishinda nguvu ya hewa inayoyakandamiza. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwa kila meta 300 tunazopanda, joto la kuchemka hupungua kwa nyuzi 1 hivi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, Njombe kwa nyuzi 94 hivi, na Kitulo kwa nyuzi 91 au 92. Kuongeza kuni hakusaidii, kwa kuwa maji yakisha kuchemka hayapati moto zaidi, bali hugeuka mvuke upesi zaidi. Mwenye sufuria ya kufungia mvuke amepata dawa. Asiye nayo afuate njia hizi.

Loweka maharage na mahindi ya makande usiku kucha, kisha mwaga maji hayo na utie mengine. Funika sufuria. Yakianza kuchemka, punguza kuni, maana maji yanayotokota polepole yana joto lilelile la maji yanayofoka. Usitie nyanya wala ndimu mapema, kwa sababu uchachu huyafanya maharage yakawie kulainika. Tia vitu hivyo yakisha iva.

Iko pia njia ya kikapu cha joto, ambayo ni kuwatendea maharage kama tulivyomtendea ndama. Chukua kikapu kikubwa, kipange ndani nyasi kavu, vitambaa au pamba, unene wa kiganja kila upande, na ushone mto wa kufunika juu. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu motoni kwa dakika 30 kamili. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo huondolewa na mchemko huo, na kikapu peke yake hakiwezi kuiondoa. Kisha iingize sufuria ndani ya kikapu ikiwa imefunikwa, uiache kwa saa tatu au nne. Ukiona bado ni magumu, rudisha motoni yachemke tena. Usikiache chakula kikae humo mpaka kesho yake, maana kikisha poa na kuwa vuguvugu vijidudu huzaliana.

Makande yenyewe ni chakula cha heshima kwa kipupwe. Mahindi yana upungufu wa sehemu fulani ya protini ambayo maharage yanayo tele, na maharage hukosa kidogo ile ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja hukamilishana. Ongeza mboga za majani zilizopikwa kwa muda mfupi, na parachichi ambalo siku hizi lastawi sana mkoani kwetu, nawe umempa mtoto kuni za usiku. Asubuhi mpe uji wa ulezi wenye maziwa kabla hajatembea kwenda shule.

Maziwa yachemshwe siku zote. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, uitwao bruselosi, humwingia mtu kwa maziwa mabichi, na pia kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Huleta homa za kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi mgonjwa hudhani ni malaria. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 zatosha kuua vijidudu hivyo, basi hata maji yetu ya nyuzi 94 yamepita kiwango. Kugandisha peke yake si kinga. Chemsha kwanza, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mtindi wa jana. Katika kipupwe mtindi hukawia, kwa kuwa vijidudu vyake vyapenda joto. Weka chombo ndani ya kikapu chako cha joto, na asubuhi utakuta umeganda.

5. JIKO LA MKAA CHUMBANI

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuliandike somo hili. Kila kipupwe husikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani na kukutwa wamekufa asubuhi, pengine mama na watoto wake pamoja. Si wajinga wala wazembe. Ni watu walioona baridi, wakafanya kama walivyoona wakubwa wao wakifanya.

Hebu tufikiri. Babu na bibi zetu walilala kando ya moto miaka mingi, nao waliamka. Kwa nini moto huo huo uue leo? Jibu limo katika nyumba. Paa la nyasi lilipitisha hewa, ukuta wa miti na udongo ulikuwa na nyufa, na mlango haukuziba sawasawa. Moshi ulitoka polepole kupitia paa, ukifukuza dumuzi kwenye mahindi yaliyotundikwa darini. Macho yaliuma na vifua viliumia, lakini hewa ilipishana. Leo tuna bati, dari, saruji na madirisha ya vioo. Tumeziba upepo, na ni vizuri. Desturi ya kulala na moto imetoka katika nyumba ya nyasi ikahamia katika nyumba hii, lakini zile nyufa zilizowalinda wazee hazikuhamia pamoja nayo.

Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho. Mkaa uliokolea vizuri, usio na moshi hata kidogo, nao huitoa. Katika damu yetu iko himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya. Basi mapafu huendelea kuvuta hewa, moyo huendelea kupiga, lakini damu haibebi kitu. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliye macho huweza kuzitambua na kutoka nje. Aliyelala hazitambui, usingizi humzidi tu.

Kwa hiyo, jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala, hata kama limebaki makaa machache, hata kama ni la kupasha chumba kwa muda tu. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemewa. Hali kadhalika katika chumba cha vifaranga, msifunge kila upenyo, wala mtoto asiambiwe alale humo kuwalinda.

Mkimkuta mtu katika hali hiyo, fungueni milango na madirisha upesi, mtoeni nje penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali, hata kama amezinduka na kusema hajambo. Aingiaye kumwokoa asikawie ndani, asije akaanguka yeye pia.

Je, tulale na baridi? La. Tuufuate mfano wa ndama. Chakula cha jioni kiwe cha moto na cha kushibisha. Nguo za kulalia ziwe kavu, pamoja na soksi na kofia kwa watoto na wazee. Godoro lisigusane na saruji. Chini yake pawekwe kitanda, mkeka au nyasi kavu. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, hupasha kitanda kwa saa kadhaa. Watoto walale pamoja. Upenyo ulio mbele ya kitanda uzibwe, lakini tundu la hewa juu ya ukuta liachwe.

Tena tusisahau moshi wa kila siku. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na mfano wake, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mpaka siku hiyo ifike kila nyumba, kuni kavu, sufuria iliyofunikwa, maharage yaliyolowekwa na kikapu cha joto hupunguza moshi tangu leo bila ya gharama kubwa.

6. JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI AU DARASANI

Tafuteni chupa tatu zilizo sawa, na kipimajoto. Jazeni zote maji ya moto, lakini yasiwe ya kuchemka. Chupa ya kwanza iacheni tupu, ya pili ifungeni kitambaa kikavu, ya tatu ifungeni kitambaa kilicholowa. Ziwekeni zote barazani penye upepo. Pimeni kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja, mwandike matokeo na kuchora grafu. Chupa ya tatu ndiyo ndama ambaye hakukaushwa.

7. MASWALI

(a) Kwa nini kuwa karibu au mbali na jua si sababu ya kipupwe?
(b) Nyumba ina ng'ombe wawili wa kilo 400 kila mmoja. Ikiwa nusu ya chakula chao kikavu itakuwa hei, yahitajika marobota mangapi ya kilo 20 kwa siku 90?
(c) Kijiji kiko meta 2,100 juu ya usawa wa bahari. Maji yatachemka kwa nyuzi ngapi hivi? Eleza maana yake kwa mpishi wa makande.
(d) Ndama amezaliwa saa nne usiku, na mwenye nyumba asema dang'a itangoja mpaka asubuhi. Utamwambia nini, kwa heshima?
(e) Bibi asema, "Sisi tulilala na moto na hatukufa." Andika mazungumzo kati yake na mjukuu wake. Mjukuu asimkosee adabu, wala asinyamaze.

Wanafunzi wa bweni wachukue swali la mwisho nyumbani siku ya likizo, na wa kutwa waende nalo leo jioni. Wazazi mnaombwa kulisikiliza.